Wazee wetu na vidonda: tuchague dresingi kwa kukiangalia kidonda chenyewe, tuache gozi kavu kwa kila kitu

#1 NesiWaIgoma

Wakuu habari za jioni, shikamooni mlionizidi. Muda mrefu nimekuwa nasoma tu humu ila leo naleta uzi kwa sababu jambo lenyewe linanikaa rohoni. Mimi ni nesi, nafanya kazi kwenye makao ya wazee huku Mwanza, jina la kituo naomba niliache. Wazee wetu wengine hawana ndugu kabisa, wengine wanao ila wako mbali, na haipiti wiki sina mzee mwenye kidonda, cha kulala sana, cha mguu, cha kisukari, au ngozi tu imechanika kajigonga kona ya kitanda.

Nianze na bibi mmoja, sasa ni marehemu, Mungu ampumzishe. Alikuwa na kidonda juu ya makalio pale kwenye mfupa, upana kama kizibo cha soda. Kila asubuhi baada ya chai naenda na sinia langu, natoa gozi (kile kitambaa chepesi cha kufungia kidonda) ya jana, nasafisha, naweka gozi kavu nyingine, nabandika plasta. Gozi ya jana inakuwa imeshakauka imeshikana na nyama, naivuta, yeye anashika chuma cha kitanda anasema "mayu, polepole mayu", ananiita mayu, yaani mama kwa Kisukuma, wakati mimi ni sawa na mjukuu wake. Nikiitoa inatoka na damu, mi nafurahi kabisa, nasema kidonda kinasafishika hiki. Wiki sita, kidonda kiko vilevile na pembeni ngozi imeanza kubanduka kwa sababu ya plasta.

Akaja nesi mwenzetu mkubwa kutembelea, akasimama akaniangalia nikifanya, hakunigombeza, akaniuliza tu: "Hiyo gozi umeiweka ifanye kazi gani?" Nikakosa jibu. Nikasema tunafunga kidonda sister. Akasema kufunga najua, nauliza ifanye kazi gani, inyonye maji? iongeze maji? ikinge? Sikuwa na jibu hata moja. Kile nilichokuwa navuta kila asubuhi na kukiona uchafu ilikuwa nyama mpya ya bibi aliyoihangaikia usiku mzima. Hilo swali najiuliza mpaka leo kabla sijafungua paketi yoyote.

Kwa hiyo ntaandika ninachokijua, kirefu kidogo mnivumilie.

Kwanza hii imani ya kidonda lazima kikauke, kipigwe hewa, kifanye ukoko. Tumelelewa hivyo wote. Ila tangu 1962 kuna mtafiti anaitwa George Winter kule Uingereza alifanya majaribio kwa nguruwe, vidonda vingine akaviacha wazi vikafanya ukoko, vingine akavifunika na plastiki nyembamba vikabaki na unyevu, vya unyevu ngozi ikaota haraka karibu mara mbili. Sababu yake si ngumu, chembe za ngozi mpya zinatambaa kutoka pembeni kuja katikati, zinahitaji njia yenye unyevu, zikikuta ukoko inabidi zichimbe kupita chini yake. Sasa mzee wa miaka 80 ambaye mwili wake unajenga taratibu, ukimwekea na ukoko juu umemfungia barabara.

Lakini unyevu si kuloa. Kidonda kikiloa sana ngozi ya pembeni inakuwa nyeupe kama vidole vya mtu aliyefua siku nzima, inaoza, kidonda kinapanuka. Hapo ndipo kazi ya dresingi ilipo, kikavu ukiongezee maji, chenye maji mengi ukinyonye, kilicho sawa ukilinde kisivurugwe.

Halafu kabla ya dresingi uliza kidonda kimetoka wapi. Hili nalisema kwa herufi kubwa kabisa: DRESINGI HAIPONYESHI MGANDAMIZO. Mzee amelalia kidonda kile kile saa nane mfululizo, hata umletee dresingi ya gharama gani haitapona. Ageuzwe kila baada ya masaa mawili, asilazwe ubavu kamili kwa sababu mfupa wa nyonga nao utatoboka, mlaze nusu ubavu umwekee mto mgongoni. Akikaa kwenye kiti saa moja isipite hajanyanyuliwa. Na ile ngata ya khanga au tairi la upepo watu wanamkalisha mzee ili kidonda kibaki kwenye tundu, acheni, ile pete inabana damu mzunguko mzima wa kidonda, inaharibu zaidi. Pia usisugue pale penye mfupa ukidhani unachangamsha damu, unaipasua ngozi kwa ndani.

Sasa nikija kwenye dresingi zenyewe. Kidonda cha juujuu, chekundu, safi, majimaji kidogo, sisi tunatumia gozi ya mafuta (ile yenye parafini) halafu juu pedi ya gozi halafu bandeji, inabadilishwa kila baada ya siku moja au mbili na haishiki kidonda ukiwahi kabla haijakauka. Ukipata haidrokoloidi ni nzuri sana hapo, ni kama plasta nene ya rangi ya ngozi, ikikutana na majimaji inageuka ute, unaiacha siku tatu mpaka saba. Ukiitoa utakuta ute wa njano una harufu kidogo, usiogope si usaha, osha kwanza ndo uangalie. Ila usiibandike kwenye kidonda chenye maambukizi maana kinazibwa kabisa, wala kwenye ngozi ya mzee iliyo nyembamba kama karatasi, itaondoka nayo.

Kidonda chenye maji ya wastani mpaka mengi, dresingi ya sponji. Hii ndio kipenzi changu kwa wazee, inanyonya, ni laini, na zile zenye silikoni upande wa ngozi zinatoka bila kuuma. Kama maji ni mengi zaidi au kidonda ni shimo, kuna alginati, imetengenezwa na mwani, inanyonya inakuwa ute, unaijaza shimoni kwa ulegevu, usishindilie kama unajaza gunia la mpunga. Kwenye kidonda kikavu usiiweke, itashikana.

Kidonda kikavu chenye nyama ya njano iliyokufa kinataka kuongezewa maji, haidrojeli inalainisha ile nyama mwili wenyewe unaiachilia. Dresingi yenye madini ya fedha (silva) na yenye ayodini ni za kidonda chenye maambukizi, wiki mbili halafu tathmini, sio kila mzee kila siku kwa miezi.

Kuosha: maji ya chumvi ya hospitali, au maji safi ya kunywa yaliyochemshwa yakapoa. Ukitengeneza mwenyewe, chumvi kijiko kimoja kidogo cha chai, sawasawa na ukingo kisiwe cha mlima, kwenye nusu lita ya maji yaliyochemshwa. Spiriti, Dettol, haidrojeni peroksaidi inayotoa mapovu, tusimimine kwenye kidonda kinachojenga nyama, zinaua wadudu na zinaua nyama mpya pamoja. Na maji ya ziwani mabichi yasiguse kidonda, ziwa tunalipenda ila lina kichocho na vijidudu vingine vingi.

Mpe mzee paracetamol nusu saa mpaka saa nzima kabla ya kufungua kidonda. Hii peke yake ilibadilisha asubuhi za kituo chetu. Mwenye swali aulize, ntajibu ninachojua.

#2 Mjukuu wa Nansio

Dada asante kwa uzi, umekuja wakati wake. Babu yangu yupo huku Ukerewe, miaka 84, alivunjika nyonga mwaka jana akawa wa kitandani, sasa kisigino cha kulia kimekuwa cheusi, kigumu kama soli ya kiatu, hakitoi maji hakinuki. Jirani anasema tukikate hicho kigamba cheusi ili dawa iingie, mwingine anasema tukiloweke kwenye maji ya moto kilainike tubandue. Babu hana kisukari tunavyojua ila hajapimwa siku nyingi. Mimi nimekataa ila wamenizidi sauti, naomba ushauri kabla ya kesho.

#3 NesiWaIgoma

@Mjukuu wa Nansio umefanya vizuri sana kukataa, shikilia hapo hapo. Kisigino cheusi, kikavu, kigumu, kimeshikana pande zote, hakina wekundu wala joto pembeni, hakinuki, kile kigamba kwa sasa ndio dresingi ya babu. Usikikate, usikiloweke, usikipake kitu cha kukilainisha. Kisigino kina nyama kidogo sana halafu ni mfupa, mkikifungua mnafungua njia ya wadudu kwenda mfupani, na kwa umri huo yawezekana damu inayofika mguuni ni ndogo, kidonda kilichofunguliwa hakitapata cha kujengea. Najua nimesema juu huko unyevu unyevu, hapa ni kinyume, hiki tunakiacha kikavu.

Fanya hivi. Weka mto chini ya kigimbi, urefu wote kuanzia chini ya goti, ili kisigino kielee hewani kisiguse godoro. Pitisha kiganja chini ya kisigino, kikipita bila kugusa umefanya sawa. Mto usiishie pale kwenye mshipa wa nyuma ya kifundo, utatengeneza kidonda kingine. Zile glavu zilizojazwa maji watu wanaweka chini ya kisigino hazisaidii. Fungia gozi kavu na bandeji laini isiyobana, kwa ajili ya kukilinda tu, na uangalie kila siku.

Siku kikianza kulainika, kuchezacheza ukigusa, kunuka, kutoa usaha, au mguu ukawa mwekundu na joto, au babu akapata homa au akaanza kuchanganyikiwa ghafla, hapo ni hospitali siku hiyo hiyo, usisubiri boti la kesho kama leo lipo. Na mpimeni sukari, na daktari amguse mapigo ya mguu. Kisigino cha kushoto nacho kitazame leo leo, mara nyingi kinafuata.

#4 Mfuga Nyuki

Nesi nakuheshimu ila hujataja asali hata mara moja, sisi wengine tumekua tukiponeshwa vidonda kwa asali, na wazungu sasa hivi wanauziana asali ya vidonda kwenye vibomba. Asali yangu natoa mwenyewe Sikonge sichanganyi kitu. Na papai bichi je? Na wahaya wanafunika na jani la mgomba. Tusidharau vya kwetu.

#5 NesiWaIgoma

@Mfuga Nyuki shikamoo mkuu, wala sidharau. Asali ni dawa ya kweli, inavuta maji kutoka kwenye kidonda, ina uchachu, wadudu wengi hawaishi humo, inapunguza na harufu. Tofauti ya hiyo ya kibomba na ya kwenye chupa ni kwamba ya kidonda imepigwa mionzi kuua mbegu za wadudu wanaoweza kujificha ndani ya asali hata iwe safi kiasi gani, na kuichemsha nyumbani hakuziui hizo mbegu bali kunaharibu asali. Yako ya Sikonge nakuamini ni halisi, lakini mimi nikienda kununua barabarani sina njia ya kujua kama imechanganywa na sukari guru. Kwa mzee ambaye kinga yake imeshuka siwezi kumjaribia. Ikipatikana ya kidonda naitumia kwa moyo mkunjufu kabisa, hasa kidonda kinachonuka, ila mzee umwambie kabla maana inachoma dakika za mwanzo.

Papai bichi linakula nyama iliyokufa, ni kweli, lina kimeng'enya chake. Tatizo hujui nguvu ya utomvu wa papai la leo na la kesho, na utomvu unaunguza ngozi ya pembeni. Kwa wazee mi siweki.

Jani la mgomba umenigusa pazuri. India madaktari wametumia jani la mgomba kufunikia vidonda vya moto, halishiki kidonda, linateleza, mgonjwa haumii, bei yake karibu na bure. Lakini yale majani waliyasafisha wakayapiga mvuke wa joto kali kwenye mashine ya hospitali kwanza. La kukata shambani ukafuta vumbi na khanga ukaweka, hapana mkuu. Wahaya walijua jambo kuhusu kutoshika kidonda, sisi tuliosoma tukaenda kushikiza gozi kavu.

#6 dukadawa_Buhongwa

Naongezea kwa upande wetu wa dukani. Kila siku nauza vidonge vya rangi mbili (kapsuli za antibayotiki) ambavyo najua kabisa haviendi mdomoni, mtu anakuja anasema nipe viwili vya kumwaga kwenye kidonda cha bibi. Nimeacha kuuza kwa matumizi hayo, unga unagandamana juu ya kidonda unafanya ukoko na usaha unabaki chini, na usugu wa dawa tunautengeneza wenyewe. Ila nesi tuseme ukweli, hizi sponji na alginati wateja wangu hawazimudu na mimi siziagizi kila mara, mtu wa Buhongwa mwenye mama yake ndani anafanyeje?

#7 NesiWaIgoma

@dukadawa_Buhongwa Mungu akubariki kwa hicho cha rangi mbili.

Swali lako ni la haki na hata sisi kituoni kuna miezi kabati linakuwa na gozi, pamba na bandeji basi. Kwanza pamba isiguse kidonda, nyuzi zake zinabaki ndani zinakuwa kama mwiba. Pili gozi siyo adui, adui ni gozi kavu kwenye kidonda kibichi. Ilowanishe na maji ya chumvi, ikamue isichuruzike, ilaze kidondani, juu yake weka gozi kavu nene, funga bandeji, na uibadilishe kabla haijakauka, mara mbili kwa siku kama kuna joto kama la huku kwetu mwezi wa kumi. Ukikuta imekauka usivute, mwagia maji ya chumvi subiri dakika tano kumi itajiachia. Gozi ya mafuta inapatikana maduka mengi na hiyo peke yake imetutoa mbali. Ngozi ya pembeni ipake vaselini nyembamba au krimu ya zinki isiloe.

Na pigeni hesabu vizuri. Gozi mara mbili kwa siku siku nne ni dresingi nane, na pedi zake, na bandeji, na mara nane mzee anaumizwa, dhidi ya sponji moja iliyokaa siku nne. Sisi tulipokaa na mhasibu tukahesabu vitu vyote tukaona tofauti si ile tuliyokuwa tunaiogopa. Kwa hiyo zile chache tunazopata tunawawekea wanaoumia zaidi na wenye ngozi nyepesi, wengine tunaenda na gozi ya mafuta.

Plasta ile nyeupe ya kawaida nayo kwa wazee tuipunguze. Ngozi ya mzee ni kama ganda la kitunguu. Funga na bandeji au wavu, na kama lazima plasta, ukiitoa ivute taratibu ikiwa imelala sambamba na ngozi, huku unaishikilia ngozi kwa kidole kingine, ikigoma paka mafuta kidogo.

#8 Kabuhoro Kwetu

Hapo kwenye ngozi nyepesi, mama mkwe alijigonga mlangoni mkono ukachanika, ngozi ikajikunja kama karatasi. Zahanati walikata ile ngozi wakaitupa. Ilikuwa sahihi? Kimechukua karibu miezi miwili.

#9 NesiWaIgoma

Pole yake sana mama. Kama ile ngozi ilikuwa bado nzima huwa hatuikati, ni kiraka chake mwenyewe cha bure. Unazuia damu kwa kukandamiza taratibu na kunyanyua mkono, unaosha kwa maji ya chumvi, halafu kwa gozi iliyolowa au kidole chenye glavu unairudisha ngozi mahali pake polepole kama unavyokunjua jani, bila kuivuta kwa nguvu hata kama haifiki mwisho. Juu unaweka dresingi isiyoshika, ya silikoni ukiwa nayo, la sivyo gozi ya mafuta, unazungusha bandeji. Chora mshale kwa peni juu ya dresingi kuonyesha upande wa kuitolea, ili atakayefungua asivute kinyume akainyanyua ngozi tena. Na uiache siku kadhaa bila kuichungulia. Ikiwa ngozi imeshakufa imekuwa nyeusi hiyo ni habari nyingine.

Kuzuia ni bora zaidi, sisi tumevalisha wazee wetu soksi ndefu zilizokatwa mbele kama mikono ya sweta, na kona za vitanda tumezifunga vitambaa. Tunapaka mafuta mwilini asubuhi na jioni. Michaniko imepungua mno.

#10 Binti wa Sengerema

Nesi samahani swali refu. Mama yangu ana kidonda juu ya kifundo cha mguu upande wa ndani, mwaka wa pili sasa, miguu inavimba jioni, kidonda kinatoa maji mpaka shuka linaloa, ngozi kuzunguka imekuwa nyeusi nyeusi ngumu. Tumehangaika sana na dawa. Kuna mtu kaniambia nimfunge bandeji ya kubana sana. Nifanye? Naogopa.

#11 NesiWaIgoma

Umeuliza vizuri na woga wako una maana. Maelezo yako yanafanana sana na kidonda cha mishipa ya kurudisha damu, damu inatuama chini, maji yanavuja. Kidonda cha hivyo tiba yake kubwa ni kubana mguu kweli, kuanzia vidoleni kupanda mpaka chini ya goti, dresingi inakuja nyuma kama msaidizi wa kunyonya maji. LAKINI usifunge kabla hajapimwa. Kama mishipa inayopeleka damu nayo imeziba halafu ukabana, unaweza kuua mguu. Hospitali wanapima presha ya kifundo wanaigawa kwa ya mkono, jibu likiwa 0.8 na kuendelea mpaka kama 1.3 ndo kawaida wanaruhusu kubana kwa nguvu. Wa kisukari namba inaweza kudanganya kwa hiyo wanaangalia na vingine. Dalili za kukutahadharisha ni vidole vya baridi, maumivu yanayozidi akinyanyua miguu usiku mpaka anaining'iniza, kidonda kikavu cha duara kwenye vidole.

Na kidonda cha mwaka wa pili daktari akikate kipande kidogo kipimwe, vidonda vya muda mrefu vingine vinageuka saratani na sisi tuko tunabadilisha gozi tu. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe 2025 kuvuka kuja mjini sio safari ya kusubiri kivuko tena, mlete mama hospitali ya Sekou Toure au ya Bugando. Kwa sasa anyanyue miguu akiwa amekaa, iwe juu usawa wa moyo ikiwezekana, na akanyage akitembea kidogo kila saa.

#12 Mhudumu wa Usagara

Mimi ni mhudumu tu si nesi. Wanatufundisha kwamba bedsoo (kidonda cha kulalia) inaanza na wekundu. Mi wazee wangu weusi ti sioni wekundu wowote, naona kidonda kimeshatoboka. Nakosea wapi?

#13 NesiWaIgoma

Hukosei wewe, yale maelezo yaliandikwa kwa kutazama ngozi nyeupe. Na usiseme mhudumu tu, wewe ndo unayemwogesha mzee, unauona mwili wake kuliko daktari yeyote.

Kwa ngozi yetu tumia mkono. Nyuma ya vidole pitisha juu ya mfupa wa makalio, nyonga, visigino, viwiko, kisogo, linganisha na ngozi ya jirani yake. Pana joto zaidi au baridi zaidi? Pamekuwa pagumu kama tunda bichi, au patepete kama ndizi iliyoiva sana? Mzee anaruka ukigusa? Rangi imezidi weusi wa kawaida, ina zambarau, inang'aa? Lowanisha kidogo uangalie kwenye mwanga wa dirisha, sio taa. Ukikuta hata moja, mzee asilalie hapo mpaka patulie na umwambie nesi siku hiyo.

Tofautisha pia na kidonda cha mkojo. Cha mkojo kinakaa kwenye mikunjo, kimeenea, juujuu, kingo hazieleweki. Cha kulalia kiko juu ya mfupa, kina mpaka. Hicho cha mkojo dresingi haishiki hata ubandike nini, kinataka kusafishwa kwa maji bila sabuni kali, kukaushwa kwa kugusagusa bila kusugua, na krimu ya zinki au vaselini.

Halafu chakula, nilisahau kabisa kule juu. Mzee mwenye kidonda cha kulalia miongozo inasema protini gramu 1.25 mpaka 1.5 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, mzee wa kilo 50 ni kama gramu 63 mpaka 75. Ukimlisha ugali na mchuzi wa mlenda peke yake hafiki. Sisi tunanunua dagaa pale Mwaloni Kirumba, tunachambua mchanga, tunaosha, tunakausha tena, tunakaanga kavu, tunasaga, kijiko kinaingia kwenye uji kwenye mchuzi kwenye kila kitu, hata asiye na meno anakula. Yai moja nalo ni kama gramu 6. Mwenye ugonjwa wa figo daktari aseme kwanza.

#14 Mjukuu wa Nansio

Nimerudi wakuu. Jana jioni tulipima sukari kituo cha afya, ni 14 na babu alikuwa hajala tangu asubuhi. Kumbe anayo. Kisigino bado kikavu, tumeweka mto kama ulivyoelekeza, kiganja kinapita. Cha kushoto nimekigusa kina joto na ni laini kuliko sehemu nyingine, rangi siioni tofauti. Jirani wa kukata ametulia baada ya kusoma huu uzi, kanisaidia yeye mwenyewe kumgeuza babu usiku. Kituo wamempa barua ya rufaa, tunakuja na meli Alhamisi.

#15 NesiWaIgoma

Ahsante kwa kumgusa cha kushoto, hapo umekiwahi, nacho kielee hewani kuanzia sasa. Mwambie jirani nimemshukuru. Kwenye meli mlazeni babu kama inawezekana, na ule mto wa kigimbi mje nao, msiufungashe kwenye mizigo, watu wengi wanafika wameuacha chini ya mikoba na kisigino kimekanyaga benchi masaa yote ya safari. Mje na barua, na karatasi ya sukari, na dawa zote anazotumia hata za kienyeji mziandike. Vidole vyote vya miguu vikaguliwe katikati. Mkishuka nitumie ujumbe ndani, Alhamisi natoka zamu saa nane mchana, ntakuja nimsalimie babu.